Mkamwana wa Mwenyekiti

Sehemu ya Saba: Kuku wa Ofisini

Mlango ulifunguliwa.

Atuganile hakupata hata nafasi ya kuvuta pumzi. Alikuwa amekalia kiti cha mwenyekiti wa mtaa wa Mferejini, kiti chenye mto mwekundu, na mwenye kiti chake ndiye huyo aliyekuwa anakung'uta tope kizingitini. Nani aliyesema mzee angelala msibani Isongole? Lori la viazi lilikuwa limemrudisha mapema, na mvua ilikuwa imemharakisha zaidi. Atuganile aliteleza kutoka kitini kama sabuni, akajikunja chini ya meza.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili leo limefungia maandazi, nikudokeze kidogo. Mzee Ambindwile, mwenyekiti, ni baba mkwe wa Atuganile. Na Mzee Ambindwile ni Mnyakyusa wa kizamani. Kwa hao, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chini ya paa moja. Mzee akitokea njia hii, mkamwana anaingia migombani. Tangu aolewe na Meshaki, Atuganile alikuwa ameuona mgongo wa mkwewe tu, tena kwa mbali.

Sasa ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi, watu wa Mferejini walifurahia ruhusa ya kuchagua hadi wakasahau kufikiri. Wakamchagua mzee awe mwenyekiti. Wakamchagua Atuganile awe mjumbe wa kamati. Wakacheza ngoma, wakala, wakanywa, wakaenda kulala. Kesho yake ndipo mtu mmoja alipouliza, "Jamani, hawa watakaa wapi?"

Ikabidi mjumbe awe anakaa nje ya dirisha la ofisi, juu ya kigoda, na mwavuli wake. Akiwa na hoja anamnong'oneza Hadijah, katibu wa mtaa, naye Hadijah anaipeleka ndani. Siku aliyokwenda mzee msibani ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Atuganile kuingia, na kwa furaha akakalia kile kiti. Tamaa mbaya, lakini nani asingekikalia?

"Mbona mmekuwa kimya hivi?" aliuliza Mzee Ambindwile.

"Tulikuwa tunamwombea marehemu, mzee wetu," alijibu Hadijah bila kupepesa.

"Ndaga, asanteni." Mzee akakaa. Akainuka kidogo, akakipapasa kiti. "Kiti hiki kina joto."

"Nilikuwa nakupashia mimi. Baridi ya Tukuyu si unaijua."

Mzee akanyoosha miguu. Buti lake likagusa kitu laini. Chini ya meza Atuganile aliuma pindo la kanga yake ili asipige kelele.

"Kuna nini humu chini?"

"Kuku," alisema Hadijah.

"Kuku? Ofisini?"

"Anaatamia, mzee. Nje mvua. Tumemhurumia."

Wajumbe wote waliinamisha nyuso wakatazama magoti yao. Mmoja tu hakuinama. Huyo alikuwa Jackson, mfanyabiashara mwenye koti la ngozi la mtumba na pikapu nyekundu, aliyerudi kutoka Dar es Salaam akiwa na maneno mengi kuhusu soko huria. Jackson aliutaka uwanja wa Mferejini ajenge ukumbi wa video na baa. Na mtu aliyekuwa amesimama kidete asiupate ndiye huyo kuku.

"Ngoja nimtoe nje," alisema Jackson, akaanza kuinama.

Hadijah akamshika bega. "Mtoe. Akikudonoa jicho usije dukani kwa mume wangu kuomba dawa."

Jackson alikuwa ameshaona pindo la kanga ya njano. Alicheka peke yake, akakaa sawa. Kilichotoka mdomoni mwake baada ya hapo kilikuwa kibaya kuliko kufichuliwa.

"Mwenyekiti, tuseme la uwanja tulimalize. Jumapili tuitishe mkutano wa mtaa mzima. Na kura isiwe ya siri. Tumezoeana hapa, karatasi za nini? Wanaotaka ukumbi wasimame kulia, upande wa barabara. Wanaotaka uwanja ubaki wasimame kushoto, upande wa mfereji. Wakilingana, mwenyekiti utakata shauri. Utatembea, utasimama unapopenda, basi."

"Hilo ni jambo la wazi," alisema mzee. "Nimekubali."

Chini ya meza, Atuganile aliachia pindo la kanga lililokuwa mdomoni. Mtego aliuona mzima mzima. Yeye akisimama kushoto, baba mkwe wake hawezi kukanyaga kushoto. Na wazee wote wa mtaa humfuata mzee kama ndama wanavyomfuata mama yao.

Mkutano ulipofungwa, Mzee Ambindwile alichukua fimbo yake. Mlangoni akasimama.

"Katibu. Huyo kuku apewe mahindi. Njaa si nzuri kwa mwenye kuatamia."

Akaenda zake.

*

"Siji Jumapili," alisema Atuganile, akijinyoosha kiuno. "Nitabaki nyumbani nioshe vyombo."

"Nani?" Hadijah alishika nyonga. "Mama Lusungu, usinichekeshe. Wale akina mama wa ndizi wanakuja kwa ajili yako."

"Nikija, mzee anakwama. Nisipokuja, anasimama kushoto na wazee wake, tunashinda."

"Una hakika mzee anautaka uwanja?"

Atuganile alijifunga upya kanga kiunoni. Hakuwa na hakika. Mtu ambaye hujawahi kusema naye, utayajuaje ya moyoni mwake?

"Muulize Meshaki amuulize baba yake," alisema Hadijah.

"Meshaki yuko njiani na lori la ndizi, hata sijui amefika Makambako au la. Na ukimwuliza jambo la mtaa anajibu 'sawa tu'. Nimechaguliwa, sawa tu. Nimenyeshewa dirishani, sawa tu."

Hadijah alicheka, lakini Atuganile hakucheka. Aliupenda ule uwanja. Mwaka ambao Meshaki hakuwa na kazi, aliweka pale mkungu mmoja wa ndizi juu ya gunia, na mkungu ule ndio uliowalisha. Sasa wako wanawake wengi, wa ndizi, wa parachichi, wa mitumba. Jioni watoto wanapiga mpira katikati yao. Sikukuu ya Idi, Abdulkarimu wa madukani anafunga pembea, Krismasi kwaya zinashindana, na Siku ya Mtaa ngoma zinapigwa hadi miguu inaota malengelenge. Uwanja ukiondoka, wanawake watarudi barabarani, ambako mgambo anayapiga mateke matenga yao. Alikuwa ameshapigwa teke moja la namna hiyo na hakutaka la pili.

"Nitakaa dukani kwako," alisema hatimaye. "Nyuma ya magunia ya sukari. Mkinihitaji, niite."

"Mjumbe wa kamati, nyuma ya sukari," alisema Hadijah. "Hayo ndiyo mageuzi."

*

Jumapili jua lilitoka, jambo ambalo kwa Tukuyu linatosha kuwa sikukuu peke yake. Vijana wa ngoma walikuja kujinoa kwa ajili ya Siku ya Mtaa, wakaketi na ngoma zao pembeni. Kwaya ilitoka kanisani na mavazi yake. Waislamu wa madukani wakafunga milango nusu. Wauza maandazi walifanya biashara hata kabla mkutano haujaanza.

Jackson alizungumza kwanza. Alitaja video. Alitaja taa za rangi. Alitaja kombe la dunia litakaloonekana hapohapo Mferejini, wachezaji wakubwa kama watu wa kweli.

"Na akina mama wa ndizi?" aliuliza mtu.

"Watauza mlangoni! Watu wakitoka kwenye picha wana njaa."

Vijana walipiga miluzi. Wengine wakaanza kusogea kulia hata kabla ya kuambiwa.

Nyuma ya magunia ya sukari, Atuganile alisikia miluzi ile na kukata tamaa. Akajiambia bado wapo wazee, bado yupo mzee. Akasikia Hadijah akitangaza watu wajipange. Akasikia vishindo vya miguu, utani, mtoto akilia. Halafu kimya kikawa kirefu mno.

Hadijah aliingia dukani anahema.

"Toka!"

"Nini?"

"Tumepungukiwa na mmoja. Mmoja, Mama Lusungu! Wazee wengine hawakumngoja mwenyekiti, wamekuja kwetu wenyewe. Hata kwaya imegawanyika. Mmoja tu!"

"Si mzee yupo?"

"Mwenyekiti hapigi kura mpaka tulingane! Toka bwana!"

Atuganile alitoka anakimbia, unga wa sukari umemganda kwenye kiwiko. Wanawake walipomwona walipiga vigelegele. Alipita nyuma ya watu, akiwa amejifunika kanga hadi usoni, akasimama kushoto kabisa, mwisho wa umati, kando ya mfereji. Mvua za wiki nzima zilikuwa zimeujaza mfereji ule, na maji yake ya kahawia yalikuwa yanakwenda kwa kasi.

Hadijah akahesabu tena, kichwa kwa kichwa. Akarudia. Akageuka.

"Tumelingana!"

Uwanja ulilipuka kwa kelele. Jackson peke yake hakushangaa. Alipiga makofi polepole, akajitokeza mbele.

"Mwenyekiti, kazi kwako. Ukija kulia, karibu sana. Ukienda kushoto..." Akanyoosha kidole. "Samahani, kule kushoto namwona mkamwana wako. Au macho yangu mabovu?"

Kelele zikakatika.

Wote walielewa mara moja. Atuganile akiondoka, kushoto watapungua mmoja, na kura ya mzee haitakuja kabisa. Atuganile akibaki, mzee hawezi kwenda. Jackson alikuwa amewafunga miguu yote miwili, tena mchana kweupe, huku anatabasamu.

"Ni uonevu!" alipiga kelele Hadijah.

"Ni mila," alisema Jackson. "Mimi nani hata nivunje mila?"

Mzee Ambindwile alisimama katikati ya uwanja, ameegemea fimbo. Alitazama kulia. Hakutazama kushoto, kwa sababu hakuweza. Akavua kofia, akaifuta, akaivaa.

Atuganile aliona aibu ikimchoma masikio. Alitamani ardhi ipasuke. Alifikiria kukimbia, na mguu mmoja ukawa umeshainuka, lakini mama mmoja wa ndizi alimshika kanga kwa nyuma, akaing'ang'ania.

"Usithubutu," alinong'ona yule mama.

Ndipo Mzee Ambindwile alipofanya jambo ambalo Mferejini wanalisimulia mpaka leo.

Aligeuka. Akaupa upande wa kushoto mgongo wake, uso ukaelekea barabarani. Akainua mguu, akaurudisha nyuma. Akainua mwingine. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anakwenda kushoto kinyumenyume!

"Ee, mwe bandu, enyi watu!" alipiga ukelele Bibi Winfrida, mkubwa wa wanawake wote wa pale. "Mwoneni mzee!"

Kicheko kilianzia kwenye kwaya, kikaenda kwa Waislamu, kikawarukia vijana wa video. Vijana wa ngoma hawakuweza kuvumilia, wakazichapa ngoma kumfuatia hatua. Mzee akarudisha mguu, ngoma ikalia. Akarudisha mwingine, ikalia tena. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliye msibani, lakini mabega yalikuwa yanacheza.

"Si halali!" alifoka Jackson. "Atazame anakokwenda!"

"Hukusema atazame," alijibu Hadijah. "Ulisema atembee, asimame."

Wanawake walimpisha mzee kwa heshima, huku na huku, njia ikawa wazi. Walimpisha sana. Walimpisha kupita kiasi. Mzee aliupita umati wote wa kushoto, na hakuna aliyekuwa amebaki nyuma yake isipokuwa mkamwana wake, na nyuma ya mkamwana wake mfereji.

"Tosha, mzee!" alipiga kelele Hadijah. "Umefika!"

Ngoma zilikuwa zinaunguruma. Mzee hakusikia. Atuganile alijisogeza pembeni, akainamisha uso, akampisha kama alivyompisha siku zote. Buti likarudi nyuma. Likakanyaga ukingo wa majani mabichi.

Likateleza.

Fimbo iliruka juu. Kofia ilitangulia majini ikaondoka na mkondo. Mzee Ambindwile aliinama nyuma, mikono ikitafuta hewa, na hakukuwa na mtu wa karibu ila mmoja.

Atuganile hakufikiri. Laiti angefikiri, mzee angekuwa anafuata kofia yake. Alimrukia, akampitishia mikono kwapani, akakaza visigino kwenye tope, akamzungusha na kumvuta mbali na maji. Wote wawili wakaanguka kitako juu ya majani, mgongo wa mzee ukiwa kifuani mwa mkamwana wake.

Ngoma zikanyamaza. Kila kitu kikanyamaza isipokuwa maji.

"Amemshika," alisema mtu.

Bibi Winfrida alijitokeza taratibu, kicheko kimemtoka usoni. "Gwe Atuganile. Umemshika mkweo mwilini."

"Alikuwa anaanguka, bibi."

"Nimeona. Mimi pia nimefurahi hakuanguka. Lakini mkamwana akikosa, kwao wanaleta ng'ombe. Ndivyo tulivyolelewa. Baba yako pale Mpuguso atakuja na ng'ombe."

Machozi yalimtoka Atuganile papo hapo. Baba yake Mpuguso alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa, aliyemwita kwa jina na kumkatia majani kwa mikono yake mwenyewe. Uwanja umeshinda, na ng'ombe wa baba amekwenda. Aliona bora asingechaguliwa mjumbe.

Mzee Ambindwile alikuwa bado amekaa kwenye majani, amewageuzia watu wote kisogo isipokuwa mfereji. Alikohoa.

"Winfrida," alisema. "Nani aliyekosa?"

"Mkamwana wako, mzee wetu."

"Yeye alisimama. Nani aliyekwenda kinyumenyume kama kaa wa mtoni?"

Watu walianza kutazamana.

"Nani aliyeanguka? Mimi. Basi ng'ombe natoa mimi. Tena simpeleki Mpuguso. Atachinjwa hapahapa, Siku ya Mtaa, na Abdulkarimu ndiye atakayemchinja ili tule wote. Mmesikia? Uwanja huu haujengwi kitu!"

Hebu fikiria kelele hiyo, msomaji. Wanawake wa ndizi walirusha vitenge juu. Vijana wa video wenyewe walishangilia, maana nyama ni nyama. Jackson alitafuta funguo za pikapu mifukoni, akazipata, akazitafuta tena.

Katikati ya zogo hilo, mzee aligeuza kichwa kidogo tu, nusu ya shavu, akasema kwa sauti ya chini ambayo mtu mmoja pekee aliisikia.

"Mwanangu. Una nguvu."

Atuganile aliinamisha uso. Lilikuwa neno la kwanza mzee huyo kumwambia maishani mwake.

"Na yule kuku," aliendelea mzee. "Mahindi alipewa?"

Atuganile alicheka na kulia kwa pamoja, akaficha uso ndani ya kanga ya njano. "Alipewa, tata," akajibu, kwa kumwita baba.

"Nilijua. Sijawahi kuona kuku anayevaa kandambili."

Alinyanyuka kwa shida, akapewa fimbo yake. Akainua mkono. Watu wakatulia.

"Ndugu, la mwisho. Mimi nimezeeka. Mfereji umeniambia leo. Mwenyekiti hawezi kumaliza maisha yake anatembea kinyumenyume ili mjumbe apate pa kukaa. Naacha kiti. Na ninayempendekeza akikalie, ameshakikalia. Mliokuwa ofisini mnajua kilivyokuwa na joto."

Wajumbe wa kamati walikufa kwa kicheko. Hadijah alimkumbatia Atuganile hadi kanga ikamvuka. Bibi Winfrida mwenyewe alipiga kigelegele, kirefu, cha mtu aliyeshindwa na kufurahia.

"Kuna mwingine anayekitaka kiti?" aliuliza mzee, kwa kutimiza utaratibu tu.

"Hakuna!" walijibu wanawake.

"Yupo."

Sauti ilitoka upande wa barabara. Umati uligeuka. Lori la ndizi lilikuwa limeegeshwa pale, injini bado inatoa joto, na mbele yake alisimama mwanamume mwenye vumbi la safari kwenye nyusi, mkono mmoja juu. Mkono wa mtu mwingine ulikuwa umemkumbatia bega, na mkono huo ulivaa koti la ngozi.

Jackson alikuwa anatabasamu tena.

"Mimi," alisema Meshaki, akimtazama mke wake moja kwa moja. "Nakitaka mimi kiti cha baba yangu."